Nguo, Neno na Ndoa: Uhakiki wa Filamu ya The Thin Man Mintarafu ya Soko la Toi

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzigawa kazi za kubuni katika makapu mawili, kapu la fasihi dhati na kapu la fasihi pendwa. Hadithi za upelelezi hutiwa katika kapu la pili, na kapu hilo likishafunikwa ni nadra kufunuliwa. Hoja inayotolewa ni kwamba hadithi za aina hiyo hufuata kanuni moja isiyobadilika, yaani maiti, mashaka, mpelelezi na ufumbuzi. Kwamba huchangamsha bila kufikirisha. Na kwamba zikichanganywa na ucheshi, hata ile chembe ya uzito iliyobakia huyeyuka.

Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa kuchunguza kazi moja iliyobeba mashtaka yote mawili kwa pamoja, ya upelelezi na ya ucheshi. Kazi yenyewe ni filamu ya The Thin Man, yaani Mtu Mwembamba, iliyotolewa na kampuni ya MGM ya Marekani mwaka 1934 chini ya uongozi wa W. S. Van Dyke, na kutokana na riwaya ya Dashiell Hammett iliyochapishwa mwaka huohuo. Wapelelezi wake ni mume na mke, Nick na Nora Charles, walioigizwa na William Powell na Myrna Loy.

Filamu hiyo inahakikiwa hapa mintarafu ya hadhira ambayo haikukusudiwa kabisa na watengenezaji wake, nayo ni hadhira ya Soko la Toi, Nairobi. Soko hilo la mitumba limepakana na Kibera, karibu na Adams Arcade na Barabara ya Ngong, na wanunuzi wake hutoka Kibera yenyewe, Kawangware, na hata mitaa ya wenye nafasi kama Kilimani. Uteuzi huu si wa kubahatisha. Itadaiwa kwamba fumbo la filamu hii limejengwa juu ya ujuzi ambao watu wa Toi wanao kwa wingi kuliko hata askari wa New York waliomo katika hadithi, nao ni ujuzi wa kutoiamini nguo. Itadaiwa pia kwamba sehemu ya filamu iliyo bora kuliko zote, yaani mazungumzo ya wanandoa, ndiyo inayokabiliwa na hatari kubwa ya kupotea pindi inapofikishwa kwa hadhira hiyo kwa njia zilizozoeleka.

2. Muhtasari wa hadithi

Nick Charles alikuwa mpelelezi, kisha akamwoa Nora, mwanamke aliyerithi mali nyingi, akaacha kazi ili aisimamie mali hiyo. Wawili hao wanatoka San Francisco kwenda New York kwa mapumziko ya Krismasi, pamoja na mbwa wao Asta. Huko mvumbuzi mmoja, Clyde Wynant, ametoweka, na bintiye Dorothy anamwomba Nick amtafute. Baada ya muda hawara wa Wynant, Julia Wolf, anauawa, na mashaka yote yanamwangukia Wynant asiyeonekana. Nick hataki kuingia katika shauri hilo. Nora ndiye anayetaka. Maiti inafukuliwa chini ya sakafu ya karakana ya Wynant, na askari wanaridhika kwamba ni mhanga mwingine wa mtu huyo. Mwishoni Nick na Nora wanawaalika washukiwa wote katika karamu, na mezani hapo inafichuka kwamba maiti ni ya Wynant mwenyewe na kwamba muuaji ni wakili wake, MacCaulay, aliyekuwa akimwibia.

Yafaa ikumbukwe kwamba "mtu mwembamba" ni Wynant, yule marehemu. Watazamaji, hata hivyo, walimvika Nick jina hilo, na kampuni ikaliridhia kosa lao: filamu tano zilizofuata, kuanzia mwaka 1936 hadi 1947, zote zilibeba jina la mtu aliyekwisha kufa katika filamu ya kwanza. Basi hata jina la kazi hii ni vazi lililohama kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

3. Nguo kama shahidi wa uongo

Kiini cha fumbo ni nguo. Maiti iliyofukuliwa haitambulikani kwa sura, lakini nguo zilizozikwa pamoja nayo ni za mtu mnene. Askari wanasoma nguo na kutoa hukumu: aliyekufa ni mtu mnene, kwa hiyo si Wynant. Nick anauliza swali ambalo askari hawakuliuliza, yaani kwa nini muuaji aliyefanya bidii ya kuuharibu mwili aliziacha nguo zisomeke. Jibu ni kwamba ziliachwa ili zisomwe. Mwili wenyewe unatoa ushahidi tofauti kwa kipande cha chuma cha silaha ya vita kilichomo mguuni, jeraha la zamani la Wynant.

Mhakiki aliyezoea mandhari za kitajiri anaweza kuliona jambo hili kuwa hila ya kawaida ya watunzi wa hadithi za upelelezi. Katika Soko la Toi, jambo hilo ni msingi wa maisha. Belo la mitumba linapofunguliwa, kila nguo iliyomo ina mwili wake wa kwanza ambao hautajulikana kamwe. Koti la wakili wa ng'ambo linavaliwa na fundi wa baiskeli, na fulana yenye jina la chuo kikuu inavaliwa na mtu ambaye hakuwahi kukiona chuo hicho hata pichani. Wafanyabiashara huzipanga nguo kwa daraja, kuanzia kamera, yaani zile zilizo bora na kama mpya, hadi fagia, yaani masalio ya mwisho. Daraja hizo hutoa habari za kitambaa, mshono na uchakavu. Habari za mvaaji hazimo. Muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba nguo haimshuhudii aliyeivaa leo.

Kwa mtazamo huo, kosa la askari wa New York linakuwa na maana ya kitabaka. Askari hao wanaishi katika jamii ambamo nguo na mtu huchukuliwa kuwa kitu kimoja, kwa sababu mwenye nguo ndiye aliyeshonewa. Mtazamaji wa Toi anaweza kulifumbua fumbo hilo mapema kuliko wao, si kwa werevu wa kipekee bali kwa uzoefu wa kila siku. Hapa hoja ya wahakiki kwamba hadithi ya upelelezi haifikirishi inaanza kutetereka, kwani hadithi hii inauliza swali zito: je, hadhi ya mtu imo katika alama anazozivaa, au katika jambo jingine?

Van Dyke analirudia swali hilo kwa ucheshi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nora anaingia kwa mara ya kwanza katika baa ya kifahari akiwa amevaa vizuri na kubeba mizigo ya zawadi, akivutwa na mbwa, na papo hapo anaanguka kifudifudi sakafuni. Heshima ya vazi inavunjika kabla mtazamaji hajaisikia sauti yake, na heshima atakayoipata baadaye ataipata kwa maneno. Asubuhi ya Krismasi anakaa ndani ya nyumba na koti lake jipya la manyoya huku mumewe akijilaza na kulipua maputo kwa bunduki ya upepo. Katika karamu ya mwisho, wahudumu wanaoleta chakula ni askari waliovalishwa sare za wahudumu. Wakati wote nguo zinadanganya, na wakati wote kuna mtu anayecheka kwa sababu anajua kwamba zinadanganya.

4. Ndoa kama mbinu ya upelelezi

Ikiwa nguo ndiyo shahidi wa uongo, shahidi wa kweli ni nani? Filamu inajibu kwamba ni neno, na hasa neno linalopita kati ya watu wawili wanaojuana sana. Si ajabu, basi, kwamba muswada wa filamu uliandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett, ambao nao walikuwa mke na mume. Hammett aliwahi kufanya kazi katika shirika la upelelezi la Pinkerton na aliijua kazi ya kufuatilia watu. Goodrich na Hackett waliongeza ujuzi mwingine, ujuzi wa jinsi wanandoa wanavyoulizana maswali ambayo majibu yake wanayajua nusu.

Mfano mwepesi ni ule wa baa. Nora anapoelezwa idadi ya vinywaji alivyokwisha kunywa mumewe, hamkemei. Anaagiza vyake vipangwe mbele yake hadi alingane naye. Katika fasihi ya mawaidha tendo hilo lingehesabiwa kuwa upotovu unaostahili adhabu katika sura ya mwisho. Hapa ni tangazo la mkataba: lolote atakalokuwamo mume, mke naye atakuwamo. Upelelezi unaofuata ni utekelezaji wa mkataba huo. Nick anaona mambo lakini hana hamu. Nora ana hamu lakini hana uzoefu. Bila uchokozi wa Nora shauri lisingefunguliwa, na bila ukaidi wa Nick maswali ya Nora yasingepata ukali.

Jambo hili linafikia kilele katika karamu. Nick anazungumza kama mtu anayeujua ukweli wote, akisimulia jinsi mauaji yalivyotendeka. Nora anamnong'oneza kuuliza kama hayo ni kweli. Nick anakiri kwamba hajui. Anaendelea kwa kuwa hakuna simulizi nyingine inayoyashikamanisha mambo. Onyesho hili ni dogo, na mtazamaji asiye makini hulipita, lakini ndilo linaloitofautisha filamu hii na nyingi za jamii yake. Mbele ya washukiwa mpelelezi ni mjuzi. Mbele ya mkewe ni msimuliaji anayebuni. Mtu pekee anayeruhusiwa kuiona mishono ya ndani ya hoja yake ni mke.

Mchezo wa vitendawili vya Kiswahili una kanuni inayofanana na hiyo. Mtegaji hutega, na mwenziwe akishindwa hutakiwa kutoa mji. Nick ameshindwa kitendawili lakini hatoi mji. Anajibu kwa kujasiri hadi mtegaji, yaani muuaji, ajifichue mwenyewe. Nora ndiye shahidi wa ujasiri huo.

5. Bwana Msa, Willy Gamba na nafasi iliyo wazi

Fasihi ya Kiswahili haikosi wapelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na akaendelea naye katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo. Bwana Msa, pamoja na kiko chake, ana nasaba ya wazi na Sherlock Holmes, na mwenziwe Najum anaichukua nafasi ya Watson. Kwa upande wa Bara, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na A. E. Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi wa bastola, safari na wanawake wengi.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna nafasi iliyo wazi. Kwa Bwana Msa, maongezi ya upelelezi ni maongezi ya wanaume marafiki. Najum huuliza ili Bwana Msa apate kueleza, na ujuzi hutiririka kutoka mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa Willy Gamba, mwanamke mara nyingi ni chambo, hatari au faraja ya usiku. Katika mifano yote miwili haimkiniki kwa mpelelezi kumwambia mkewe kwamba hajui. Bwana Msa hasa ana jukumu la kushinda ushirikina kwa mantiki, na mtu mwenye jukumu kama hilo hawezi kukiri mbele ya watu kwamba mantiki yake ni simulizi tu iliyoshikamana.

Isidhaniwe kwamba utamaduni wenyewe umekosa majibizano ya wanandoa. Hadhira ya Kenya imelelewa nayo. Katika kipindi cha Vitimbi cha Shirika la Utangazaji la Kenya, Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, walijibizana mbele ya taifa kwa miaka mingi kiasi kwamba watazamaji wengi waliwaamini kuwa ni mume na mke kweli. Wanjau, aliyekuwa Mkikuyu, alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi hiyo nayo ilikuwa vazi, na hadhira ilicheka ikijua kwamba ni vazi. Kinachokosekana si ucheshi wa ndoa wala fumbo la jinai. Kinachokosekana ni kazi inayoviweka viwili hivyo chini ya paa moja. Mama Kayai hakupewa maiti ya kuchunguza, na Bwana Msa hakupewa mwenzi wa kumcheka.

6. Sauti mbili, kinywa kimoja

Inafaa sasa kuuliza ni vipi The Thin Man ingeweza kuwafikia watazamaji wa Kibera na Kawangware. Njia iliyozoeleka katika mabanda ya video ni ile ya msimuliaji anayezungumza juu ya filamu, akifasiri, akifupisha, akitania na kuongeza chumvi. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia umaarufu kwa sanaa hiyo, na nchini Tanzania Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alitangulia katika njia hiyohiyo. Sanaa hii isidharauliwe. Ni mwendelezo wa usimulizi wa jadi, na imewafungulia filamu za kigeni watu ambao lugha zake zingewafungia nje.

Hata hivyo, sanaa hiyo ina sharti lake: kinywa ni kimoja. Filamu ya mapigano hailioni sharti hilo kuwa mzigo, kwa kuwa ngumi hazihitaji sauti ya pili. Filamu ya Van Dyke inategemea karibu yote kasi ya neno kupokewa na neno jingine. Msimuliaji mmoja akiyafasiri maneno ya Nick na ya Nora kwa sauti yake, uwili wao unageuka kuwa taarifa: yeye alisema hivi, naye akajibu vile. Kinachobakia ni maiti, karamu na muuaji, yaani ile kanuni tupu ambayo wahakiki wanailaumu. Basi huenda lawama dhidi ya hadithi za upelelezi kwamba hazina uzito ni lawama dhidi ya kile kinachobakia baada ya tafsiri mbaya.

Tatizo linazidi katika uteuzi wa maneno ya kuitana. Nick na Nora huitana kwa majina na kwa utani. Nairobi, wanandoa aghalabu huitana kwa jina la mtoto, Baba Fulani na Mama Fulani; lakini katika filamu hii ya kwanza wanandoa hawa hawana mtoto, wana mbwa tu. Pwani, mke angeweza kumwita mumewe "bwana", neno ambalo kwa toni moja ni heshima na kwa toni nyingine ni kejeli kali. Mfasiri akichagua heshima tupu, Nora anakuwa mke mtiifu asiyekuwamo katika filamu. Akichagua dharau tupu, anakuwa mke mkorofi wa vichekesho rahisi. Nora hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Neno "bwana", likitamkwa na mwigizaji anayejua kulipinda, laweza kumbeba. Lakini lahitaji kinywa cha mwanamke.

7. Kasoro za filamu

Sifa hizi zisifiche upungufu wa kazi. Kwanza, usawa unaoahidiwa na mkataba wa baa unavunjwa pale hatari inapokaribia. Nick anamtia Nora ndani ya teksi kwa hila na kumpeleka mbali ili asifuatane naye. Anapokwenda karakana usiku, anakwenda na mbwa, si na mke. Mtu mwenye bastola anapoingia chumbani, Nick anampiga Nora ngumi ili aanguke asipigwe risasi. Filamu inalifanya hilo kuwa kichekesho kwa kumfanya Nora alalamike kwamba amekosa kuona yaliyotokea. Lalamiko hilo ni la haki kuliko filamu inavyotambua, kwani ndilo lalamiko la mhusika aliyeanzisha upelelezi kisha akazimwa wakati wa kilele.

Pili, ucheshi wote unalipiwa na mali ya Nora. Kipindi hicho Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na filamu inawapitisha watazamaji wake waliofilisika katika vyumba vya hoteli ambamo hakuna anayeuliza bei ya kitu. Kutojali kwa Nick ni kutojali kwa mtu anayeweza kuiacha kazi. Muuzaji wa Toi anayeijua bei ya kila kifungo ana haki ya kuutazama uhuru huo kwa mashaka. Wanandoa wanaouza pamoja katika kibanda kimoja nao hujibizana siku nzima, lakini majibizano yao yana hesabu ndani yake: kodi, belo lijalo, karo. Mtunzi wa Kiswahili atakayewaiga Nick na Nora bila hesabu hiyo atakuwa amenunua koti bila kulijaribu mwilini.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba The Thin Man inastahili kutolewa katika kapu lililofunikwa. Fumbo lake linaihukumu jamii inayomsoma mtu kwa nguo, na ucheshi wake ndio njia ya kuufikia ukweli, kwa kuwa ukweli huo hupatikana katika mazungumzo ya wawili ambao hawahitaji kujifanya wajuzi mmoja mbele ya mwingine. Imeonyeshwa pia kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, pamoja na mafanikio yake tangu mwaka 1960, haijawahi kumpa mke nafasi hiyo, ilhali jukwaa la vichekesho la Kenya limekuwa na sauti yake kwa muda mrefu.

Kazi inayowakabili wafasiri ni kuifikisha filamu hii kwa sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, wala si kwa moja. Kazi inayowakabili watunzi ni ngumu zaidi. Soko la Toi lina fumbo la kutosha katika kila belo, na lina wanandoa wa kutosha walionolewa ndimi na biashara. Mtunzi atakayewasikiliza hatakuwa na haja ya kumwazima mpelelezi kutoka London wala New York. Atahitaji tu kumwacha mke aulize swali la mwisho, na kumwacha mume akiri kwamba jibu halijui.